Debbie McCormick: Nahodha Aliyerudi Kuwa Naibu

Asante, mwenyekiti. Naona mmeshaanza kucheka, na fagio lenyewe sijalitaja. Haya, chekeni tumalize.

Leo nawaletea Debbie McCormick, mchezaji wa kalingi, mchezo wa timu wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Tuanze na jiwe. Fikirieni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji pomoni; jiwe la kalingi uzito wake haupungui sana hapo. Ni la graniti, na mengi yametokana na mwamba wa kisiwa kidogo cha Uskochi, Ailsa Craig. Mchezaji huteleza nalo juu ya barafu akiwa amechuchumaa, hulizungusha kidogo kwa mpini, huliachia. Basi, kulishika tena marufuku. Wenzake wawili hulitangulia wakisugua barafu kwa fagio, na joto la kule kusugua hulifanya jiwe lifike mbali na lisipinde mapema. Kule mwisho kuna miduara iitwayo nyumba. Nahodha husimama hapo, ufagio mkononi, kuwaonyesha wenzake pa kulenga.

Sasa, McCormick. Alizaliwa Saskatoon, Kanada, mwaka 1974, lakini aliichezea Marekani. Olimpiki alizocheza ni nne: 1998, 2002, 2010 na 2014. Medali? Hakuna hata moja. Mwaka 2002, wakicheza nchini mwao, katika jimbo la Utah, walishika nafasi ya nne. Nahodha alikuwa Kari Erickson, yeye naibu. Mnisamehe, lakini nafasi ya nne naiona chungu kuliko ya kumi.

Mwaka uliofuata akawa nahodha. Mashindano ya dunia yalifanyika Winnipeg, na fainali ikawa dhidi ya Kanada. Hebu pimeni wenyewe: Kanada ni miamba ya mchezo huu, uwanja ni wao, na anayewakabili ni binti aliyezaliwa kwao. Akawafunga. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya dunia kwa timu ya wanawake wa Marekani.

Olimpiki ya Vancouver 2010 alikwenda akiwa nahodha, baba yake Wally Henry akiwa kocha. Michezo tisa, walishinda miwili, wakashika mkia. Wengi wangetundika viatu hapo.

Yeye alikwenda tena Sochi mwaka 2014, safari hii naibu wa Erika Brown, mwenzake wa tangu Nagano 1998. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi, ushindi mmoja tu. Lakini mimi huwa natazama kitu kingine. Mawe mawili ya mwisho ya timu kwa kawaida hurushwa na nahodha, na wakati huo naibu ndiye anayeshika nyumba. Basi Brown anachuchumaa upande ule, na upande huu, katikati ya miduara, bingwa wa dunia wa 2003 amesimama kimya, ameweka ufagio chini mahali pa kulenga, anasubiri jiwe la mwenzake.