Kichwa Maji: Shida Iko Kwenye Njia

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na jambo ambalo huwashangaza wengi: sote tuliomo humu ndani tuna maji kichwani. Mtu mzima ana mililita 150 hivi, zinazozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kila siku mwili hutengeneza karibu nusu lita mpya. Maji hayo huukinga ubongo usijigonge kwenye fuvu. Bila hayo hatuwezi kuishi.

Hutengenezwa ndani kabisa ya ubongo, katika vyumba vinne vilivyounganishwa na vijia. Kijia chembamba kuliko vyote kiko kati ya chumba cha tatu na cha nne. Yakishapita hapo hutoka, hutandaa juu ya ubongo, kisha hufyonzwa na kuingia kwenye damu. Sasa, njia ikiziba, au pale pa kufyonzea pakiharibika, utengenezaji hausimami. Maji yanazidi kuja, vyumba vinatanuka, ubongo unabanwa. Hicho ndicho kichwa maji.

Huziba kwa nini? Wapo wanaozaliwa na kijia kilichoziba. Wapo wenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri tangu tumboni, na mara nyingi huo na kichwa maji huandamana. Watoto njiti huweza kuvuja damu ndani ya vyumba vile. Homa ya uti wa mgongo huacha makovu, na uvimbe nao huziba njia. Laana siioni humo, wala mama hajamkosea mtu. (Akina baba waliokaa nyuma, hili nalisema kwa ajili yenu.)

Naomba nikae kidogo kwenye utepe wa kupimia, maana ndicho kifaa rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika. Unaupitisha juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kilipotokeza zaidi. Unapima tena na tena, kisha unaandika kipimo kikubwa. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na sentimita 35 hivi, na miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Lakini namba moja peke yake haisemi kitu. Mzazi mwenye kichwa kikubwa huzaa mtoto mwenye kichwa kikubwa, na mtoto hana neno. Kinachonitia wasiwasi ni mstari wake kwenye kadi unapoanza kuikata mistari mingine na kupanda. Tazama pia utosi: umevimba na kukaza hata mtoto akiwa ameketishwa, ametulia? Mishipa ya kichwani imejitokeza? Macho yanaelekea chini, weupe ukionekana juu ya mboni? Usisubiri tarehe ya kliniki ijayo.

Kichwa cha mtoto mchanga hukua kwa sababu mifupa yake haijaungana. Kwa mkubwa fuvu limeshafunga, hivyo dalili ni nyingine: kichwa kuuma hasa asubuhi, kutapika, kuona vitu viwiliviwili. Kwa wazee hujificha zaidi. Mzee anatembea kwa hatua fupi kama aliyenaswa sakafuni, mkojo unamponyoka, anasahau, na nyumba nzima inasema ni uzee. Aina hiyo ilielezwa na daktari Salomón Hakim na wenzake mwaka 1965, na baadhi ya wagonjwa hutembea vizuri tena baada ya upasuaji.

Tiba ni upasuaji. Mrija wenye vali, yaani kilango kinachopitisha maji upande mmoja tu, hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, maji yakafyonzwe huko. Miaka ya 1950 huko Marekani, fundi mitambo John Holter, ambaye mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi, alibuni vali ya silikoni kwa mikono yake mwenyewe. Ikaja kuwasaidia watoto wengi mno. Njia ya pili ni kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu kwa kamera nyembamba. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliiunganisha na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji, ili baadhi ya watoto wasihitaji mrija kabisa. Si kila mtoto anafaa kwa njia hiyo.

Na kwa nini mtu aukwepe mrija? Kwa sababu huziba, au huingia vijidudu, na mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: mtoto mwenye mrija anaweza kwenda shule na kucheza? Anaweza, mama. Michezo ya kugongana vichwa muulize kwanza daktari wake. Ila mwalimu ajue kwamba huyu akilalamika kichwa na kutapika, au akianza kusinzia darasani bila kawaida yake, asimpe dawa ya maumivu na kumwambia alale. Akupigie simu saa ileile, nawe umpeleke hospitali siku hiyohiyo.