Hawakupungua, Walipunguzwa

Ahsante, Mwenyekiti. Shikamooni wakubwa zangu. Nanyi wanangu wa chuo mlioko nyuma, hamjambo?

Kwenye ratiba mmeniandikia mada: "Upungufu wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege baada ya korona." Nilipoketi pale mezani niliomba kalamu, nikalikata neno la kwanza. Upungufu ni wa mvua. Upungufu ni wa damu. Maji ya kisima yanapungua yenyewe, hakuna aliyeyaamuru. Wale watu hawakupungua. Walipunguzwa. Waliitwa mmoja mmoja wakapewa barua, wengine hata barua hawakupewa, ni ujumbe wa simu tu, wakaambiwa warudishe sare na pasi ya kuingilia uwanjani. Halafu mwaka 2022 ndege zilipojaa, wakubwa walewale waliosaini barua zile wakasimama mbele ya kamera wakasema kuna upungufu. Nimelisema hili Nairobi, nimelisema Zanzibar, na nitalisema mpaka neno hilo liondoke kwenye ratiba.

Habari za korona siwasimulii, sote tulikuwapo. Nitaje hesabu mbili tu. Mwaka 2019 dunia ilisafirisha kwa ndege abiria wapatao bilioni 4.5. Mwaka 2020 wakabaki bilioni 1.8. Na ajira milioni 2.3 hivi zikafutwa kwenye mashirika ya ndege, viwanja na viwanda vya ndege. Mtu mmoja katika kila watano.

Sasa tuingie tumboni mwa ndege, maana huko ndiko jambo hili linakoeleweka.

Wengine mmeshanisikia nikimtaja Babu. Mtanivumilia, kwa sababu sijapata mfano unaomshinda. Nimefanya kazi chini ya ndege miaka 26, na Babu nilimkuta. Alikuwa mpakiaji mizigo. Kwenye ndege za saizi ya Boeing 737, mizigo ya abiria kwa kawaida haiingii ndani ya makontena. Inapangwa kwa mkono, begi moja moja, na mpangaji amepiga magoti au amelala ubavu, maana mtu mzima hasimami mle ndani. Joto la mchana wa Januari mnalijua. Sasa chukulieni abiria mmoja amekwisha kukabidhi sanduku lake kaunta, lakini kwenye ukaguzi foleni imemshika. Geti linafungwa, yeye hayupo. Sanduku lake liko tumboni. Kanuni ya usalama inasema sanduku la abiria ambaye hakupanda haliruki, kwa sababu kuna watu waliwahi kupeleka bomu hivyohivyo, mzigo ukaenda na mwenyewe akabaki. Kwa hiyo sanduku lazima litoke. Mle ndani yamo masanduku 140. Ni lipi?

Babu alikuwa anasomewa tarakimu za mwisho za lebo. Lebo ya mzigo ina tarakimu 10, na ndani yake mna namba ya shirika na namba ya mzigo wenyewe. Anatazama karatasi yake ya kupakilia, anasema: mlango wa nyuma, safu ya pili, chini upande wa kushoto. Dakika nne, sanduku liko nje, mlango umefungwa, ndege inasukumwa.

Babu alipunguzwa mwaka 2020. Mwaka 2022 tukio hilohilo likatokea mbele ya macho yangu, na mle tumboni walikuwamo vijana wawili wenye majuma matatu kazini. Vijana wazuri, wenye nguvu, wenye bidii, na siwalaumu hata kidogo. Waliyashusha masanduku yote, wakayatandaza chini, wakasoma lebo moja moja. Dakika 50. Zamu ya ndege kuruka ikapita, ikabidi iombwe nyingine. Marubani nao wana saa zao za kazi kisheria, zikiisha hawarushi ndege hata ukiwapigia magoti. Ndege iliyofuata ikakuta nafasi ya kuegesha bado ina mtu. Abiria wa kuunganisha wakakosa ndege zao kule mbele, na masanduku yao yakawa yatima.

Angalieni chanzo. Chanzo kilikuwa mlinzi mmoja ambaye hakuwapo kwenye mashine ya ukaguzi, foleni ikasimama. Akafuata mpakiaji mmoja ambaye hakuwapo tumboni. Watu wawili, na siku nzima ikavurugika. Sasa lichukueni hilo mlizidishe kwa ukubwa wa London na Amsterdam.

Uingereza iliondoa masharti yote ya safari tarehe 18 Machi 2022. Pasaka ilikuwa Aprili 17. Hata mwezi haukupita, Manchester foleni zilikuwa zimefika nje na mkurugenzi wa uwanja akaachia ngazi. Dublin, siku moja tu ya Mei 29, abiria zaidi ya 1,000 walikosa ndege zao wakiwa wamesimama kwenye foleni. Mtu ana tiketi, amefika, anaiona ndege, na ndege inaondoka! Ilifika Julai serikali ya Ireland ikaweka wanajeshi tayari kwenda kusaidia ulinzi pale uwanjani. Julai 12 uwanja wa Heathrow wa London ukatangaza kwamba abiria wanaoondoka wasizidi 100,000 kwa siku, ukayaambia mashirika yaache kuuza tiketi za majira hayo. Shirika la Emirates la Dubai likakataa hadharani, kisha wakakaa mezani wakapatana. Kikomo kile kilikuwa kiishe Septemba 11, kikasogezwa mpaka mwisho wa Oktoba. Heathrow wenyewe walikadiria kwamba kampuni za kuhudumia ndege hazikuwa na zaidi ya asilimia 70 ya nguvukazi ya kabla ya korona.

Na siku moja kabla ya tangazo hilo ilitokea safari ambayo ningependa kila mwanafunzi wa usafirishaji aifundishwe. Ndege ya shirika la Delta la Marekani, Airbus A330, iliondoka Heathrow kwenda Detroit ikiwa na mabegi 1,000 na haina abiria hata mmoja. Safari yake ya abiria ilikuwa imefutwa, wakaona bora irudishe Marekani mabegi yaliyoachwa. Mtaniuliza, si umesema sanduku halisafiri bila mwenyewe? Ni kweli. Lakini sanduku lililoachwa na shirika lenyewe linakaguliwa upya, linafungwa lebo ya pekee, ndipo linaruhusiwa kumfuata mwenyewe. Hesabuni gharama ya kurusha A330 kuvuka Atlantiki kwa ajili ya mabegi, halafu mniambie waliokoa shilingi ngapi walipowaondoa wapakiaji.

Msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Julai ni msimu wa Kilimanjaro. Mgeni amejiandaa mwaka mzima, amezizoesha buti zake miguuni miezi mitatu, anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na begi limebaki Ulaya. Anakwenda kukodi Moshi buti zilizovaliwa na miguu ya watu mia, kesho yake anaanza kupanda. Mpagazi na mwongozaji ndio watakaoyabeba malengelenge yake mpaka juu. Kwa mwaka huo mzima wa 2022, duniani kote, mabegi yaliyochelewa, kupotea au kuharibika yalihesabiwa kuwa kama milioni 26.

Najua kuna mhasibu hapa ndani. Yupo siku zote, na swali lake ni moja: ndege zimelala chini, mapato hakuna, mlitaka tuwalipe kwa fedha ipi? Swali halali, nalijibu. Uingereza, serikali ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyekaa nyumbani, mpaka pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo uliendelea hadi mwisho wa Septemba 2021. Bado British Airways ilipunguza watu karibu 10,000. Marekani, mashirika yalipokea kwa awamu tatu dola zipatazo bilioni 54 za kulipia mishahara, na bado yakawashawishi maelfu wachukue kiinua mgongo waende zao. Fedha ilikuwapo, na ilitolewa kwa ajili hiyohiyo. Kwa upande mwingine, Ryanair, shirika la ndege la Ireland ambayo mimi siisifii mambo mengi, ilikaa na marubani wake, wakakubali kukatwa asilimia 20 ya mshahara, kazi zikabaki. Majira ya joto ya 2022 Ryanair ilifuta safari chache sana ukilinganisha na wenzake. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo.

Sasa Australia. Hapa mniruhusu nichukue muda.

Mwaka 2020, katikati ya korona, Qantas, shirika kubwa la ndege la kule, iliwaondoa wafanyakazi wa chini ya ndege zaidi ya 1,700 katika viwanja 10, kazi zao wakapewa makampuni ya nje. Agosti 2022, mizigo imewaelemea, Qantas ikawaandikia mameneja wake wa ofisini kuomba wasiopungua 100 wajitolee kwenda kupakia mizigo Sydney na Melbourne kwa miezi mitatu. Sharti mojawapo, uwe na uwezo wa kunyanyua begi la kilo 32. Meneja! Mtu wa kompyuta na vikao! Mnajua kilo 32 ni nini? Ni mfuko wa saruji uliopungukiwa theluthi moja hivi, na unaunyanyua ukiwa umepiga magoti, unaugeuza kiunoni, mara mia kwa zamu. Migongo yetu wapakiaji wa zamani inajua. Wale 1,700 walikuwa wanaijua kazi hiyo, na walikuwa hai, wako majumbani mwao, wengi wanaitaka.

Chama chao cha wafanyakazi wa usafirishaji kilikwenda mahakamani. Kikashinda mwaka 2021. Qantas ikakata rufaa, ikashindwa. Ikaenda Mahakama Kuu kabisa ya Australia, na tarehe 13 Septemba 2023 majaji wote kwa sauti moja wakasema kuwaondoa watu wale kulikiuka sheria. Fidia dola za Australia milioni 120. Agosti 2025 ikaongezwa adhabu ya dola milioni 90. Wanangu, andikeni hizo hesabu. Siku mtakapokuwa nyinyi ndio mnaotayarisha barua za kupunguza watu, mzikumbuke.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya mengine nitayapitia mbio.

La kibali cha kufanya kazi uwanjani. Wengi hudhani mpakiaji unamwokota stendi asubuhi, jioni yuko kazini. Hapana. Kwa Uingereza walihitaji kuchunguza historia ya kazi ya mtu kwa miaka mitano. Mtu aliyepoteza kazi 2020 akafanya vibarua sita tofauti ana waajiri sita wa kuandikiwa barua. Majuma yanapita, naye akiona yanazidi anachukua kazi ya ghalani inayoanza Jumatatu. Aprili 2022 serikali ikalegeza, mafunzo yakaruhusiwa kuanza kabla uchunguzi haujakamilika, lakini Pasaka ilikuwa imeshapita.

La mshahara. Schiphol pale Amsterdam, baada ya migomo na foleni zilizotoka nje ya jengo, walikubaliana na vyama kuongeza euro 5.25 kwa kila saa kwa majira ya joto. Kumbe ziliweza kupatikana! Septemba mkuu wa uwanja akajiuzulu hata hivyo.

Waongoza ndege, na vijana wetu wa Dubai na Doha waliorudishwa nyumbani 2020 kisha wakatafutwa tena, niliandaa habari zao, naziacha. Mtaniuliza nje.

Ninachoomba ni kitu kimoja, nacho kinaandikika kwenye mkataba. Ndege zikilala tena, iwe kwa maradhi au kwa vita au kwa moshi wa volkeno, anayeondolewa awekwe kwenye orodha ya kurudishwa kwanza. Pasi yake ihuishwe, mafunzo ya mwaka apewe, na miaka yake ihesabiwe siku atakaporudi. Gharama yake ni ndogo kuliko ile A330 ya mabegi.

Kwa sababu Babu walimpigia, sikuwaambia. Julai 2022 walimpigia simu. Aliuliza swali moja tu: miaka yangu 31 mnaihesabu? Wakamjibu kwamba mfumo unamsoma kama mwajiriwa mpya, ataanza na mshahara wa kuanzia, mkataba wa miezi mitatu. Akawashukuru akakata simu, akarudi kwenye banda lake la kuku. Nilimtembelea mwezi uliopita. Kuku wake 300 anajua kila mmoja amelala wapi.

Yule kijana mwenye shati jeupe amenyoosha mkono tangu nilipotaja mhasibu. Mpeni kipaza sauti.