Colo-Colo: Klabu Iliyoanzishwa na Wachezaji Wenyewe

Asante sana mwenyekiti. Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa soka, shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo zangu.

Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea, na nawaomba wavumilie, kwa sababu jambo hili bado halijaeleweka. Kila ninapoitaja Colo-Colo ya Santiago, mtu hunikatiza: ndiyo, tunawajua, mabingwa wa Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, 1991, klabu pekee ya Chile iliyowahi kulibeba kombe lile. Ni kweli. Lakini anayeanzia 1991 amechelewa miaka 66, na jambo lenyewe lilikuwa limeshatendeka alipofika.

Turudi Aprili 1925. Santiago ile ina klabu iitwayo Magallanes, kongwe na yenye heshima, iliyoanzishwa 1897 na wanafunzi wa chuo cha ualimu. Ndani yake kuna kundi la vijana, na kiongozi wao ni mshambuliaji wa miaka 22, mwalimu kwa taaluma, David Arellano. Vijana hawa wana malalamiko. Wanataka timu iandaliwe kwa nidhamu, mazoezi yawe mazoezi, na wanaoingia uwanjani wawe na sauti katika mambo ya timu. Wakubwa wa klabu wakakataa. Mkutano ukaitishwa, maneno yakawa makali, vijana wakatoka nje. Sehemu waliyokwenda kukaa na kupanga ni baa iitwayo Quita Penas, karibu na makaburi makuu ya Santiago. Tarehe 19 Aprili 1925 klabu mpya ikazaliwa. Haikuanzishwa na mfanyabiashara, wala kampuni ya reli, wala ubalozi, wala chuo. Ilianzishwa na wachezaji walionyimwa sauti. Hilo ndilo ninalolisema miaka yote, na nitaendelea kulisema.

Jina lilipendekezwa na mmoja wao, Luis Contreras. Colocolo alikuwa kiongozi wa Wamapuche katika karne ya 16, wakati watu wa kusini mwa Chile walipopigana na Wahispania. Wengi hudhani vijana walichagua jina la shujaa wa vita kwa sababu walikuwa na hasira. Someni vizuri. Katika utenzi wa Kihispania uliosimulia vita vile, Colocolo ni mzee. Machifu wamekusanyika, kila mmoja anataka kuongoza jeshi, nusura wachinjane wenyewe kwa wenyewe. Mzee anasimama, anawakemea, kisha anapendekeza mtihani: kila anayetaka uongozi alibebe gogo zito begani, na atakayelibeba muda mrefu kuliko wote ndiye ataongoza. Aliyeshinda ni Caupolicán. Kwa hiyo vijana waliotoka kugombana kuhusu nani aongoze na kwa haki gani, wakajiita kwa jina la mzee aliyesema uongozi upatikane kwa kubeba mzigo. Mimi sioni kuwa hilo lilitokea kwa bahati tu.

Sasa najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: hao walikuwa waasi, walivunja klabu ya watu. Hapana! Magallanes haikuvunjika. Ligi ya kulipwa ya Chile ilipoanza 1933 kwa klabu nane, bingwa wa kwanza alikuwa nani? Magallanes. Wa 1934? Magallanes. Wa 1935? Magallanes tena. Colo-Colo ilisubiri hadi 1937 kupata ubingwa wake wa kwanza wa ligi hiyo, na iliupata bila kufungwa mchezo hata mmoja. Mgawanyiko ule uliwapa Wachile timu mbili kubwa badala ya moja. Kwa hiyo hoja ya kwamba mchezaji akidai haki yake ataua klabu, naomba tuizike leo.

Na vijana wale walitimiza walichokidai, hilo ndilo linalowatofautisha na walalamikaji wengine. Jezi nyeupe, bukta nyeusi. Arellano akaingiza mazoezi ya viungo, akaingiza vikao vya kujadili mbinu kabla ya mechi, wakati ambapo timu nyingi zilikutana Jumapili uwanjani na kupiga mpira. Alikuwa mwalimu na alifundisha. Mwaka ule ule wa kwanza wakatwaa ubingwa wa ligi ya Santiago bila kupoteza, watu wakawaita Wasioshindika. Mwaka uliofuata wakafunga safari kwenda kusini mwa nchi, wakacheza mji baada ya mji, na hapo ndipo Colo-Colo ilipoacha kuwa timu ya mtaa mmoja wa mji mkuu. Mtoto wa Temuco au Valdivia akawa na timu ya Santiago aliyoiona kwa macho yake. Leo watu wanashangaa kwa nini klabu hii ina mashabiki kila kona ya Chile, wanatafuta maelezo makubwa makubwa ya kisiasa. Walipanda treni, wakawafuata watu walipo!

Mwaka 1926 mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini yalichezwa Santiago, na mfungaji bora alikuwa Arellano, mabao saba. Januari 1927 wakaondoka na timu nzima. Ecuador, Cuba, Mexico, kisha Hispania na Ureno. Hakuna klabu ya Chile iliyokuwa imewahi kucheza Ulaya kabla yao. Fikirini maana yake: klabu haijatimiza hata miaka miwili, wachezaji wake ni walimu, makarani na wafanyakazi, na safari ni ya meli, miezi na miezi mbali na kwao.

Huko Hispania Arellano aliwaacha watu midomo wazi kwa tiktaka, lile pigo la kujirusha chali hewani na kuupiga mpira juu ya kichwa. Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kila nikisema hivi naletewa ugomvi. Sijasema Arellano ndiye aliyeibuni. Wachile wenyewe humtaja Ramón Unzaga, mzaliwa wa Hispania aliyecheza Talcahuano, mwaka 1914. Waperu nao wanadai ilianzia kwao, bandari ya Callao. Wagombane. Ninachosema ni kwamba watazamaji wa Hispania waliiona ikipigwa na Mchile, na mpaka leo kwa Kihispania pigo lile linaitwa la Kichile. Inatosha, tuendelee.

Tarehe 2 Mei 1927, mjini Valladolid. Mechi ya kirafiki. Mpira unakuja juu, Arellano anaruka, mpinzani anaruka, wanagongana, goti la mpinzani linampata tumboni. Anaanguka. Anatolewa nje. Pigo lile lilikuwa limemjeruhi ndani, tumbo likapata uambukizo, na mwaka 1927 madaktari hawakuwa na dawa ya kuuzuia. Penisilini iligunduliwa mwaka mmoja baadaye, na ikachukua miaka mingine mingi kuwafikia wagonjwa. Tarehe 3 Mei alifariki, ana miaka 24. Ndugu yake Francisco alikuwemo katika timu hiyo hiyo.

Itazameni jezi ya Colo-Colo leo, juu ya nembo. Kuna mstari mweusi. Si pambo la mbunifu wa jezi. Ni utepe wa msiba, na haujaondolewa tangu mwaka ule. Karibu karne nzima klabu inavaa msiba wa nahodha wake. Nimeona timu zikivaa kitambaa cheusi mkononi dakika 90, siku ya pili wamesahau. Hawa wamebadilisha wadhamini, viatu, vitambaa na makocha, lakini utepe uko pale pale. Uwanja wao nao unaitwa Monumental David Arellano. Mwanzilishi ni mchezaji, mfia klabu ni mchezaji, na jina la uwanja ni la mchezaji. Je, kuna maelezo zaidi yanayohitajika kuhusu hii ni klabu ya nani?

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nitakwenda mbio, ingawa inaniuma.

Mwaka 1941 ubingwa mwingine bila kufungwa, kocha Francisco Platko, Mhungari. 1948 Colo-Colo iliwaalika Santiago mabingwa wa nchi za Amerika Kusini, timu saba, Vasco da Gama wakashinda. Copa Libertadores ilianza miaka 12 baadaye, na wazo lake lilishajaribiwa pale. 1953 wakaja ndugu wawili akina Robledo kutoka Newcastle United. Jorge ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA 1952 dhidi ya Arsenal. Hayo kila moja lina mhadhara wake.

Lakini 1973 siwezi kuipita. Timu ya kocha Luis Álamos, yenye wachezaji Francisco Valdés na Carlos Caszely, ilifika fainali ya Libertadores na kufungwa na Independiente ya Argentina katika mechi ya tatu, Montevideo, kwenye muda wa nyongeza. Hiyo ni Juni. Septemba 11 jeshi likapindua serikali ya Salvador Allende, na Uwanja wa Taifa, ambako timu ile ilikuwa ikijaza watu, ukageuzwa kambi ya mahabusu. Caszely hakuficha msimamo wake wa kuupinga utawala wa kijeshi. Mama yake alikamatwa na kuteswa, na mwaka 1988, kabla ya kura ya maoni juu ya Pinochet, jenerali aliyeitawala nchi tangu mapinduzi yale, mama yule alijitokeza kwenye televisheni akasimulia, kisha mwanawe akatokea kando yake.

Hapo huwa nasikia lile neno linalonichosha: kwamba Colo-Colo ilikuwa timu ya Pinochet na kwamba yeye ndiye aliyewajengea uwanja. Ni kweli utawala ule ulijipenyeza katika klabu, na Pinochet alipewa urais wa heshima, ambao klabu ilimvua 2015. Walichelewa, nakubali, na nimewalaumu kwa hilo. Lakini uwanja! Monumental ulifunguliwa 1975 haujaisha, ukafungwa, ukakaa miaka na majani yanaota. Uliokolewa na nini? Na winga Hugo Rubio, aliyeuzwa Bologna ya Italia, na pesa za mauzo yake zikaumalizia. Septemba 30, 1989, ukafunguliwa upya dhidi ya Peñarol ya Uruguay, Colo-Colo wakashinda 2-1. Miguu ya mchezaji ndiyo iliyolipia saruji. Msiwape madikteta sifa ambazo si zao.

Katika uwanja huo, tarehe 5 Juni 1991, katika fainali ya Libertadores, baada ya sare ya 0-0 Asunción, Colo-Colo ya kocha Mkroashia Mirko Jozić iliwafunga Olimpia ya Paraguay 3-0. Luis Pérez mawili, Leonel Herrera moja. Baba yake Herrera, mwenye jina hilo hilo, alikuwa beki wa kikosi kilichofungwa fainali ya 1973. Ile 1991 mnayoanzia ninyi, sasa tumefika.

Sasa jambo ambalo sitaki liishie njiani. Januari 2002 mahakama iliitangaza Colo-Colo kuwa imefilisika. Klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, chini ya mfilisi! Na mwaka ule ule, Jaime Pizarro, nahodha wa 1991, akiwa kocha, aliwachukua vijana wa akademia na wakongwe wachache wakatwaa ubingwa wa Clausura, ligi ya nusu ya pili ya mwaka. Ofisi ilipofilisika, uwanjani hawakufilisika.

Kisha 2005 ikaja kampuni, Blanco y Negro. Ikauza hisa katika soko la hisa la Santiago, ikalipa madeni, ikakabidhiwa kuendesha timu kwa mkataba wa miaka 30. Miongoni mwa wanahisa wakubwa alikuwa Sebastián Piñera, aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Mtaniambia: lakini kampuni ilileta makombe. Iliyaleta, sikatai. Mataji manne ya ligi mfululizo, mawili kila mwaka, 2006 na 2007, kocha Claudio Borghi, na fainali ya Copa Sudamericana, kombe la pili la klabu za Amerika Kusini. Ila waangalieni waliocheza: Matías Fernández, Arturo Vidal, Claudio Bravo, wote wamelelewa pale pale katika akademia ya klabu. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa madarakani tarehe 17 Februari 2021, pale Colo-Colo ilipocheza mechi moja ya mchujo mjini Talca ili isishuke daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Bao moja la kijana Pablo Solari ndilo lililowaokoa. Miaka mitatu na kitu baadaye wakachukua taji la 34. Kwa hiyo makombe yanakuja na kuondoka chini ya kila mfumo, tusiyatumie kama risiti.

Chama cha wanachama bado kipo, chenye jina la zamani na nembo ya zamani. Katika bodi ya kampuni yenye wakurugenzi tisa, wanachama wana viti viwili. Viwili kati ya tisa, katika klabu ambayo ilizaliwa kwa sababu watu walikataa kukaa kimya mbele ya bodi. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili sasa. Si nani alikuwa bora kati ya Caszely na Barticciotto, winga wa mabingwa wa 1991, tafadhali. Hilo tutaliongea nje tukinywa chai. Nataka kusikia kutoka kwenu: wale vijana wa Quita Penas wangekubali viti viwili?

Karibuni. Ndiyo, dada pale mbele, chukua kipaza sauti.