“1 Vyumba Imebaki”: tovuti inapovuka bahari

ZUHURA: Kamau, kabla ya salamu nina mtihani mdogo. Chumba kikibaki kimoja, utasemaje?

KAMAU: Kimebaki chumba kimoja.

ZUHURA: Na viwili?

KAMAU: Vimebaki vyumba viwili. Dada Zuhura, leo umeamka na chaki?

ZUHURA: Juzi nilikuwa natafuta malazi Unguja, ya wageni wa harusi. Tovuti nzuri, picha za bahari zimetulia, na chini yake kwa maandishi mekundu: “1 vyumba imebaki”. Nilicheka hadi nikasahau kuweka nafasi.

KAMAU: Usiwacheke sana, kosa hilo nimeshalifanya kwa mikono yangu miwili. Haya, karibu msikilizaji. Mimi ni Kamau, mtoto wa Nairobi niliyehamia Dar, kazi yangu kutengeneza tovuti. Mwenzangu Zuhura anaandika maneno yanayokaa ndani yake. Leo tunaongelea biashara inayotaka tovuti yake isomwe na watu wa lugha na mila tofauti.

ZUHURA: Basi tueleze kwanza hicho chumba. Inakuwaje?

KAMAU: Programu inachota namba, neno “vyumba” limehifadhiwa sehemu yake, “imebaki” nayo sehemu yake, kisha mashine inapanga kama matofali. Kiingereza kinavumilia ujenzi huo. Kiswahili kinakataa, kwa sababu nomino ndiyo mwenye nyumba, maneno mengine yote yanavaa kufuatana naye.

ZUHURA: Na mfasiri kosa halioni! Mie hutumiwa jedwali la maneno, mstari mmoja umeandikwa “imebaki”, basi. Nini kimebaki? Nani amebaki? Kuna kile kitufe cha kuchuja bidhaa, cha kuonyesha kila kitu. Niandike vyote, zote, yote au wote? Viatu au magauni? Hakuna wa kuniambia, nabahatisha.

KAMAU: Na ile lebo ya “Mpya” kwenye maduka ya nguo. Moja tu, inabandikwa kila mahali.

ZUHURA: Kiatu, mpya. Gauni, mpya. Suruali peke yake ndiyo iliyonusurika.

KAMAU: Uliwahi kunipa dawa ya hilo.

ZUHURA: Andika “Bidhaa mpya”. Ikiwa moja ni bidhaa, zikiwa mia ni bidhaa, na “mpya” haitikisiki. “Bidhaa zote” vilevile. Ila kwa vyumba hakuna mkato. Mpe mfasiri sentensi nzima, ya umoja mbali na ya wingi mbali: “Kimebaki chumba 1”, “Vimebaki vyumba 3”.

KAMAU: Na nafasi hizo mbili zipo kwenye programu nyingi tunazotumia. Ni uvivu wetu.

ZUHURA: Umesema wewe, mie sijasema.

KAMAU: Halafu wapo wanaoiachia mashine itafsiri kila kitu. Kitufe cha kuweka nafasi kinasomeka “Kitabu sasa”.

ZUHURA: Maana Kiingereza kinatumia neno moja, “book”, kwa yote mawili. Aya ndefu mashine siku hizi inaiweza, nakiri. Kitufe cha neno moja ndicho kinachoiangusha, haina pa kushika. Kwa hiyo bajeti ikiwa ndogo, mtu mwenye akili timamu asome vitufe kwanza, hizo hadithi za “Kuhusu sisi” zisubiri. Nani anazisoma?

KAMAU: Mwenye kampuni. Sasa, Kiswahili cha nani? Sisi shuleni Kenya tulifundishwa tarakilishi na rununu. Nimefika Kariakoo nauliza fundi wa tarakilishi, jamaa akanielekeza kwa mtu wa saa!

ZUHURA: Maskini. Kompyuta na simu, hakuna Mkenya asiyezielewa. Tovuti ikiwa ya pande zote mbili, natafuta neno ambalo halitamkwaza mtu. Badala ya nywila naandika “neno la siri”. Lakini tangazo la kuchekesha la vijana wa Nairobi siligusi, hilo liandikwe na kijana wa Nairobi.

KAMAU: Na bendera kwenye menyu ya lugha?

ZUHURA: Weka ya Tanzania, Mombasa wanune. Weka ya Kenya, Tanga wanune. Na watu wa Bukavu na Lubumbashi umewasahau kabisa. Andika tu “Kiswahili”, na kila lugha kwa jina lake yenyewe. Anayetafuta Kiarabu hawezi kukipata kimeandikwa kwa Kiingereza.

KAMAU: Kwa nyuma, injini za utafutaji zinaelezwa kwa misimbo: sw-TZ, sw-KE, sw-CD kwa Kongo. Mteja haioni, lakini inasaidia kila mmoja apelekwe ukurasa wake.

ZUHURA: Tuje kwenye saa, nina kisasi nazo. Mjomba wangu alikuwa anatoka Dar kuja Unguja. Tovuti ya boti, sitaitaja, ilikuwa na Kiswahili safi kabisa. Muda wa kuondoka: “Saa 7:00”. Mjomba akanywa chai, akaenda sokoni, saa sita na nusu mchana yuko bandarini na begi lake.

KAMAU: Na boti iliondoka saa moja asubuhi.

ZUHURA: Aliyetafsiri alifuta alama ya asubuhi, akaweka neno “saa” mbele, akaona kazi imekwisha. Kwa mjomba, saa saba ni saa saba. Wala hakukosea! Angeandikiwa “saa 7 asubuhi” angalau angeshtuka, maana saa hiyo kwetu haipo.

KAMAU: Mimi naandika yote mawili. “Saa 1 asubuhi”, pembeni 07:00. Inachukua nafasi, lakini hakuna anayeachwa na boti. Fomu nazo, jina la kwanza na jina la mwisho?

ZUHURA: Mie nina jina langu, la baba na la babu. La mwisho ni la babu, Mungu amrehemu, sasa barua pepe inaniamkia “Mpendwa Bwana” na jina lake! Weka kisanduku kimoja: “Jina kamili”. Na msimbo wa posta usiulazimishe. Tanzania tunao, na mwaka 2022 kabla ya sensa serikali ilifanya operesheni kubwa ya anwani za makazi. Lakini dereva wa bodaboda anapokuja bado unamwambia ukifika msikitini nipigie. Ukilazimisha, watu wanajaza sifuri tano wanaendelea.

KAMAU: Malipo ndipo wateja wengi wanapopotea. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania mwaka uliofuata. Jina ni lilelile, lugha ya kulipa si ileile. Mkenya anauliza namba ya till au paybill, Mtanzania anataka Lipa Namba. Ukifika Kampala au Kigali wanataka MoMo, pesa za simu za MTN. Mtu anatafsiri tovuti nzima halafu mwisho anaweka kadi ya benki peke yake.

ZUHURA: Kama kupika pilau ukafungia masahani kabatini.

KAMAU: Hebu tuvuke bahari sasa. Ile kazi yako ya nyumba ya wageni, Kiarabu na Kijerumani.

ZUHURA: Wateja wao wakubwa walikuwa wa Oman na Ujerumani. Muscat wapo wanaoongea Kiswahili cha Unguja nyumbani, lakini familia ikikaa kupanga safari, wengi wanasoma Kiarabu. Mwenye nyumba akadhani ni kubadili maneno tu.

KAMAU: Kumbe ukurasa wote unageuka. Unasomwa kulia kwenda kushoto, menyu inahamia kulia, mshale wa “endelea” unaelekea kushoto. Niliwahi kusahau mshale mmoja, watu wakawa wanabofya wanarudi nyuma.

ZUHURA: Picha pia. Ukurasa wa Wajerumani ulikuwa na watu wa bikini ufukweni. Kwa familia za Oman tukaweka chumba chenye vitanda vya watoto, meza ya chakula, na maelezo kwamba chakula ni halali na msikiti uko karibu. Nyumba ni ileile, hatukudanganya chochote. Tulibadilisha tu kinachotangulia.

KAMAU: Na wikendi! Oman ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013. Falme za Kiarabu nao walikuwa hivyo, kisha 2022 wakahamia Jumamosi na Jumapili. Ukitangaza “ofa ya wikendi” bila tarehe, kila mtu anaelewa lake.

ZUHURA: Mwambie na ile ya bei, ndiyo ninayoipenda.

KAMAU: Rial ya Oman inagawanyika mara 1,000, si 100. Kwa hiyo bei inaandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 12.500, yaani rial kumi na mbili na nusu. Mjerumani akiiona 12.500, kwake nukta inatenga maelfu. Anasoma elfu kumi na mbili na mia tano.

ZUHURA: Kwa usiku mmoja! Atalala ufukweni.

KAMAU: Kwa hiyo namba usiziandike kwa mkono, iachie programu izipange kwa kila nchi. Na Wajerumani sheria yao inadai ukurasa unaoitwa Impressum: nani mwenye biashara, anwani, namna ya kumpata. Sheria hiyo inazibana biashara za kwao, lakini mteja wa kule ameshazoea kuitafuta. Asipoiona anaanza kushuku.

ZUHURA: Tuliiweka. Halafu maneno yao marefu yakapasua vitufe, mbunifu akataka kulia.

KAMAU: Asiyeanza kwenye Kijerumani atajuta. Kitufe kikitosha huko, kwingine kwingi kitatosha. Sasa mtu hana pesa ya kuajiri wewe na mimi, unajuaje kama tovuti inafanya kazi?

ZUHURA: Nilimkalisha shangazi. Nikampa simu yake mwenyewe, bando lake mwenyewe, nikamwambia weka nafasi ya siku mbili, nami nimefunga mdomo. Hilo la kufunga mdomo ndilo gumu. Picha kubwa ya juu haikufunguka haraka, akaipita. Akafika kwenye tarehe, akasita. Kalenda imeanza Jumapili, yeye anahesabu kuanzia Jumamosi, siku ambayo jina lake lenyewe linasema ni ya kwanza.

KAMAU: Jumamosi, mosi. Sikuwahi kuwaza hilo kwenye kalenda.

ZUHURA: Akatazama, akashuka chini kabisa ya ukurasa, akaona namba ya simu. Akasema, “Si hii hapa namba?” Akapiga. Akapata chumba na punguzo juu.

KAMAU: Na tovuti?

ZUHURA: Namba tuliipandisha juu siku hiyohiyo.