Kijiji Kinachowataja Wafu Wake kwa Majina

Ndugu zangu, mlionisikia siku nyingine mnajua ninakoelekea, na nitalirudia mpaka lieleweke: historia isiyotaja watu wa kawaida kwa majina haimgusi mtu. Ndiyo maana leo tena nawapeleka Eyam, kule Derbyshire, Uingereza, kijiji cha watu wasiofika 1,000.

Kisa cha tauni wengi mnakijua. Kitambaa kilitoka London na viroboto wake, George Viccars aliyekuwa msaidizi wa fundi nguo akafa Septemba 1665, na mwaka uliofuata wanakijiji wakakubali kujifungia wasiupeleke ugonjwa kwa majirani. Hadi Novemba 1666 walikuwa wamekufa takribani 260. Haya yanasimuliwa kila mahali. Mimi nataka tusimame kwa Bi Elizabeth Hancock.

Mama huyu aliishi shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji. Tarehe 3 Agosti 1666 alizika watoto wawili, John na Elizabeth. Kisha akamzika mumewe, na tarehe 7 watoto wengine wawili, William na Oner. Tarehe 9 akamzika Alice. Tarehe 10, Ann. Mume na watoto sita ndani ya siku nane! Na kwa kuwa kila nyumba ilitakiwa kuzika watu wake, hapakuwa na jirani wa kushika jembe. Inasimuliwa kwamba alifunga kitambaa miguuni mwa kila maiti, akaiburuta mwenyewe hadi kwenye shimo alilochimba. Yeye alinusurika. Makaburi yale yapo hadi leo katikati ya malisho, yamezungushiwa ukuta wa mawe, na majina yamechongwa. Hakuwa malkia wala mke wa bwana mkubwa. Alikuwa mke wa mkulima, basi. Pale kijijini, nyumba zilizopigwa na tauni zina vibao vinavyotaja waliofia humo, mmoja mmoja, na ndani watu wanaendelea kuishi. Hilo ndilo ninalolipigania!

Najua kuna atakayesema: hadithi hii imetiwa chumvi, wanahistoria wameihoji. Ndiyo, wameihoji. Wapo wanaosema karantini ile iliongeza vifo vya ndani. Tena kasisi William Mompesson, anayesifiwa kwa kuwashawishi watu wabaki, watoto wake mwenyewe alishawahamisha mapema. Mkewe Catherine alibaki, akafa Agosti ile ile. Sasa, hayo yanatuzuia nini kukumbuka? Kumbukumbu ya kijiji si wimbo wa sifa. Yasemwe yote, na ya kasisi yasemwe. Wala asisahauliwe Thomas Stanley, kasisi aliyeondolewa kwa kukataa kitabu kipya cha sala. Watu walimwamini yeye kuliko Mompesson, na bila hao wawili kushikana mikono, sioni nani angekubali kujifungia.

Mwingine ataniambia: wenzetu wana fedha. Fedha gani? Nendeni mkaone wanavyopamba visima mwishoni mwa Agosti, desturi iliyoenea vijiji vingi vya Derbyshire. Wanaloweka majini mbao kubwa zitakazosimamishwa kisimani, wanazikandika udongo wa mfinyanzi uliotiwa chumvi, wanachora picha, kisha wanabandika petali za maua moja baada ya nyingine. Wanaanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake kama makuti, ili mvua iteleze isiharibu. Ni kazi ya siku kadhaa, wazee na watoto wameinamia ubao mmoja, na picha yenyewe haidumu sana zaidi ya wiki. Maua, udongo na muda wa watu. Mtu asinieleze habari ya bajeti!

Nilitaka pia kueleza jiwe la mpakani, lenye matundu walimoacha sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, kulipia chakula kutoka nje, na msalaba wa kale uani kwa kanisa, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme hili tu: Jumapili ya mwisho ya Agosti kuna ibada ya kuwakumbuka waliokufa, kule Cucklet Delf, bondeni, mahali pale pale walipofanyia ibada mwaka 1666 walipofunga kanisa wasiambukizane. Huhitaji tiketi. Anayeweza kufika, aende.