Msiseme Watu ni Wabishi

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, kwa hiyo naanzia hukohuko. Kila maafa yakishapita, wakubwa husimama mbele ya kamera na kusema: "Tuliwatangazia, wakakaidi." Kauli hiyo imenikera miaka mingi, na leo nataka niikere na mimi.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kiliipiga pwani ya Bangladesh. Walikufa watu wapatao 138,000. Na tangazo lilitoka! Lilitaja ishara ya hatari namba 10. Walikaidi, basi? Subirini.

Namba zile zilitungwa kwa ajili ya manahodha na bandari. Namba 8, 9 na 10 zilikuwa na ukali uleule. Kilichotofautiana ni upande wa bandari ambao kimbunga kingepitia. Nahodha ana haja na habari hiyo, ajue pa kukimbizia chombo. Haya, mpe namba hiyohiyo mkulima wa kisiwa cha matope, hana meli wala bandari. Juzi alisikia nane, hakuona kitu. Leo ni kumi. Kumi ya nini? Maji yatafika magotini au yatapita juu ya paa? Aondoke saa ngapi, aende wapi? Namba haikusema.

Halafu kuna ng'ombe. Ng'ombe nitamzungumzia hata mkisinzia. Mtu ana ng'ombe mmoja, ndiye jembe lake, ndiye benki yake. Kituo cha kujihifadhi kiko mbali, kimefurika watu, na ng'ombe haingii. Najua kuna anayejisemea hapo nyuma kwamba bora afe ng'ombe kuliko mtu. Sawa kabisa, na ni rahisi kusema ukiwa kitini, umeshiba, na kimbunga chenyewe bado ni "huenda". Akiondoka, kimbunga kisije, akarudi akakuta kamba tupu, nani atamlipa? Wewe uliyetangaza?

Na wanawake? Walikufa wengi kuliko wanaume. Mwambieni mama mwenye watoto watatu akalale usiku kucha kwenye chumba kimoja na wanaume asiowajua, choo hakuna, kisha mshangae kwamba alisitasita.

Baada ya hapo wenzetu wa Bangladesh hawakutumia fedha zao kukemea ukaidi. Walijenga vituo vingi zaidi, vingi vikiwa shule siku za kawaida. Wakainua vilima vya udongo vya kupandishia mifugo. Wakaongeza watu wa kujitolea, wanawake kwa wanaume, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti na kupandisha bendera: moja, mbili, na zikifika tatu hakuna mjadala, ni kuondoka. Anayekugongea mlango ni jirani yako, hakuachi mpaka amekuona umebeba mtoto. Mwaka 2007 kikaja kimbunga Sidr, nacho hakikuwa na mzaha. Walikufa watu 3,400 hivi. Ni wengi mno, sikatai. Lakini linganisheni na 138,000, kisha mniambie kama wabishi walikuwa wamehama nchi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya hotuba kuhusu majengo. Niseme tu kwamba mwaka 2010 tetemeko la 7.0 liliua watu wengi kupindukia Haiti, na mwezi uliofuata la 8.8 likaua mia tano na kitu Chile. Ndiyo, najua, la Haiti lilikuwa jirani kabisa na mji mkuu, msinikatize. Lakini Chile kanuni za ujenzi zilikuwa zikifuatwa, hazikuishia kwenye karatasi. Bima naiacha. Bajeti naiacha pia, maana nitapandisha presha.

Kabla ya maswali, jambo moja. Ukumbi huu una milango miwili, nilihesabu nilipoingia. Ule wa nyuma umezibwa na viti vya ziada. Tafadhali viondolewe kwanza, nitasubiri.