Mkanda Uliosafishwa Baada ya Miaka 33

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni.

Wa rika langu mnakumbuka: unapiga picha 36, unapeleka mkanda studio kusafishwa, unaambiwa rudi Jumamosi. Unarudi, nusu zimeungua. Mkanda ninaouzungumzia leo ulisubiri kusafishwa miaka 33, kwenye barafu, na aliyeupiga hakuwahi kuona hata picha moja.

Ni Nils Strindberg, Mswidi wa miaka 24. Tarehe 11 Julai 1897 yeye, mhandisi Salomon August Andrée na Knut Frænkel walipaa kwa puto la hidrojeni kutoka kisiwa cha Danskøya, kwenye visiwa vya Svalbard kaskazini ya Norwei, wakitaka kuvuka Ncha ya Kaskazini. Puto lilikuwa linavuja. Mtaalamu wa hali ya hewa Nils Ekholm alilishtukia mwaka uliotangulia, akajitoa mapema. Andrée hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ukungu ukaganda juu ya puto, likawa zito, likaburuzika, na tarehe 14 Julai safari ya angani ikaishia hapo.

Kamera ilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi. Ililetwa kwa kazi ya ramani, lakini Strindberg akaielekeza kwenye kilichokuwepo: puto limelala ubavu kwenye weupe usio na mwisho, na wenzake wawili wamesimama kando. Hawafungi kamba, hawashushi mizigo. Wanalitazama tu, kama abiria waliofika stendi basi limeshaondoka. Kwangu mimi hakuna picha ya ncha za dunia inayoizidi hii, na nimeziona nyingi za mashujaa na bendera zao.

Baada ya wiki moja wakaanza kuvuta sleji, vile vigari visivyo na magurudumu vya kuburuza barafuni, kuelekea kusini-mashariki. Barafu waliyokanyaga nayo ilikuwa inasafiri, inawapeleka kwake. Strindberg aliendelea kupiga: dubu mweupe aliyeuawa kwa kitoweo, sleji iliyokwama. Mwanzoni mwa Oktoba walifika kisiwa cha Kvitøya, na huko wakafa wote. Yeye alitangulia, wenzake walimlaza kwenye ufa wa mwamba, wakamfunika kwa mawe.

Tarehe 6 Agosti 1930 watu wa meli ya Kinorwe, Bratvaag, wakaiona kambi. Filamu zikafikishwa Stockholm, kwa mtaalamu wa kusafisha picha, John Hertzberg.

Huyu Hertzberg ndiye ninayetaka mumkumbuke. Waliowahi kuingia chumba cha giza wanajua: utando unaobeba picha ukikaa na maji hulainika kama uji. Ukiuharakisha, unabanduka na picha yake, na hakuna mkanda wa pili. Kati ya picha 240 hivi zilizopigwa, aliokoa 93. Ukiniuliza, picha hizi zina wapigaji wawili, na huyu wa pili alifanya kazi gizani.

Siku hizi wapo wanaozipitisha kwenye kompyuta, wanafuta madoa, anga inabaki safi kama ya kalenda ya ukutani. Mimi siwaelewi. Yale madoa ndiyo miaka 33 yenyewe.

Naomba tuzime taa. Ya kwanza ni ile ya puto. Kabla hamjawatazama wale watu wawili, tazameni pembeni, pale filamu ilipoliwa na maji.